Jina la Kozi Lisimchagulie Mwanafunzi Tawi la Uhandisi

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, kurasa za magazeti hujaa picha za watahiniwa waliotia fora wakiwa wamebebwa juu kwa juu na jamaa zao. Mwanahabari huwauliza wanataka kusomea nini, na aghalabu jibu huwa moja kati ya mawili: udaktari au uhandisi. Anayetaja udaktari haulizwi zaidi, kwa kuwa hata mtoto wa chekechea anajua kwamba daktari hutibu wagonjwa. Anayetaja uhandisi naye haulizwi zaidi, ilhali hapo ndipo mahojiano yalipopaswa kuanza. Uhandisi wa nini? Wa barabara? Wa mashine? Wa umeme? Wa maji? Baadaye kijana yuyo huyo huketi mbele ya kompyuta, mara nyingi katika kibanda cha saiba sokoni, akafungua orodha ya kozi za KUCCPS, na swali ambalo hakuna aliyemuuliza humkabili akiwa peke yake.

Mimi si mhandisi. Ni mwalimu wa isimu, na mtaji wangu ni maneno. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vyetu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakiwamo wa uhandisi, huhitajika kusoma somo la stadi za mawasiliano, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaolifundisha. Zoezi langu la kwanza huwa jepesi. Kila mwanafunzi huandika aya moja akieleza tawi la uhandisi alilolichagua na sababu za kulichagua. Nimesoma aya hizo kwa mamia. Mmoja huandika kwamba alama zake zilitosha. Mwingine huandika kwamba mjomba wake alimwambia tawi hilo lina soko. Wengi, tena wengi mno, huungama kwamba jina la kozi liliwavutia. Walioweza kueleza kwa sentensi iliyo wazi mtu wa tawi hilo huamka asubuhi akafanya kazi gani, idadi yao haijapata kunilazimu nihesabu kwa mikono miwili katika darasa lolote.

Jambo hili si la kuchekea. Shahada ya uhandisi humu nchini huchukua miaka 5. Baada ya hapo, Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 humtaka mhitimu asajiliwe kwanza kama mhandisi mhitimu, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3, kisha apite mtihani wa kitaaluma ndipo Bodi ya Wahandisi imtambue kuwa mhandisi kamili. Kwa hivyo kijana wa miaka 18 anayebonyeza jina fulani kwenye orodha anaamua, kwa kidole kimoja, atakuwa nani hadi atimize umri wa miaka 26 au zaidi. Nyuma yake yupo mzazi aliyeuza ng'ombe, au aliyekopa kwa chama, au aliyekata kipande cha shamba. Mzazi huyo akiulizwa na majirani mwanawe anasomea nini, hujibu, "Anasomea uinjinia," kisha hunyamaza, maana hana zaidi ya hilo la kusema.

Nadhani tatizo linaanzia katika maneno yenyewe. Sisi Wakenya tuna majina mawili ya mtaalamu mmoja, na kila jina limebeba picha yake. Neno injinia tulilipata kutoka Kiingereza, na masikioni mwetu neno hilo halitengani na injini. Ndiyo maana mzazi asikiapo kwamba bintiye atakuwa injinia, humwona tayari akiwa chini ya lori, mafuta yakimchuruzika viganjani. Asili ya neno lenyewe haikuwa mashine. Lilitokana na Kilatini, katika neno lililomaanisha akili ya kubuni. Neno mhandisi nalo lina nasaba nyingine kabisa. Lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako handasa ni elimu ya maumbo na vipimo, na Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi, ambao andaza kwao ni kipimo. Kwa mujibu wa nasaba hiyo, mhandisi ni mtu wa kupima. Ni yule ambaye kabla daraja halijajengwa anaweza kukuambia litabeba tani ngapi na litavunjika likitwikwa ngapi. Kwa maoni yangu, jina hili la pili lina ukweli mwingi kuliko lile la kwanza, na mwanafunzi anayechukia kupima na kukokotoa angefaa kulitafakari kabla ya kujaza fomu yoyote.

Majina ya matawi yana matatizo zaidi ya hayo. Tawi tunaloliita uhandisi wa ujenzi, Waingereza waliliita uhandisi wa kiraia, na sababu yao ilikuwa ya kihistoria. Zamani mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, mjenzi wa ngome na mtengenezaji wa mizinga. Katika karne ya 18, John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone kwenye mwambao wa kusini-magharibi mwa Uingereza, anatajwa kuwa wa kwanza kujiita mhandisi wa kiraia ili ajitenge na wale wa kijeshi. Chama cha wahandisi wa aina yake kikaundwa London mwaka wa 1818. Reli na injini za mvuke ziliposhamiri, waliohusika na mashine wakaona wana maswali yao wenyewe, wakaunda chama chao Birmingham mwaka wa 1847. Simu za waya nazo zilipoenea, watu wa telegrafu wakajitenga mwaka wa 1871, na chama chao ndicho kilichokuja kuwa cha wahandisi wa umeme. Ukiitazama historia hiyo utagundua kwamba matawi hayakuzaliwa ili yaipambe orodha ya kozi. Kila tawi lilizaliwa na shida mahususi iliyodai aina mahususi ya vipimo.

Sasa tazama jinsi jina linavyoweza kupotosha katika lugha zote mbili. Kiingereza humfanya kijana adhani kwamba uhandisi wa kiraia una uhusiano na siasa au utumishi wa umma. Kiswahili nacho, kwa kusema ujenzi, humfanya adhani kwamba kazi ni nyumba tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tawi hilo ni maji, udongo, barabara na majitaka. Anayesema, "Mimi napenda kuchora nyumba nzuri," anachokitamani si uhandisi hata kidogo. Ni usanifu majengo, kozi nyingine yenye masomo mengine. Nimewaona vijana wa aina hiyo wakifika mwaka wa 3, wakikabiliwa na hesabu za shinikizo la maji katika mabomba na za udongo unaotitia, huku wakijiuliza zile nyumba zao nzuri ziko wapi.

Ndiposa huwapa wanafunzi wa shule za upili wanaonijia kwa ushauri jaribio moja. Wasiniambie jina la kozi. Waniambie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, sentensi moja yenye kitenzi: mtu wa tawi hili hufanya nini? Anayeshindwa kuitunga sentensi hiyo hajachagua bado, hata kama ameshajaza fomu.

Tujaribu pamoja. Mhandisi wa ujenzi huhakikisha kwamba kilichosimamishwa hakianguki na kwamba maji yanakwenda tunakotaka yaende. Mhandisi wa mitambo huligeuza joto kuwa mwendo na kuuongoza mwendo huo ufanye kazi. Yeye si fundi wa gereji, ingawa gereji inaweza kumfunza mengi. Mhandisi wa kemikali huchukua jambo ambalo mwanakemia amelifanya ndani ya chupa na kuliwezesha lifanyike ndani ya tangi la kiwandani, usiku na mchana, bila kulipuka na bila hasara. Kwa hivyo saruji, sukari, sabuni, rangi na hata usafishaji wa maji ya mji ni maeneo yake. Uhandisi wa umeme ndio ulio mgumu kutungiwa sentensi moja kwa kuwa ni nyumba yenye milango miwili: upande mmoja ni umeme kama nguvu inayosafirishwa kutoka bwawani hadi jikoni, upande wa pili ni umeme kama ishara inayobeba sauti, picha na hesabu. Anayevutiwa na nyaya za Masinga si lazima avutiwe na mawimbi ya simu. Vipo vyuo vinavyoitenganisha milango hiyo tangu mwanzo na vipo vinavyoiacha wazi hadi miaka ya mwisho. Hilo ni jambo la kuulizwa mapema.

Nimeliacha nyuma kwa makusudi tawi ambalo vijana hulikimbia kuliko yote, nalo ni uhandisi wa kilimo. Neno kilimo limewakimbiza kwa sababu shuleni jembe lilitumiwa kama adhabu. Chuo Kikuu cha Nairobi kililibadilisha jina la idara yake ya uhandisi wa kilimo, ikawa ya uhandisi wa mazingira na mifumo ya kibayolojia. Sisemi kwamba badiliko hilo lilikuwa hila. Elimu hupanuka, na jina hulazimika kupanuka nayo. Lakini aliyelikimbia jina la zamani na anayelikimbilia jina jipya wote wawili hawajaulizia kazi yenyewe. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Kuvu ya sumu hiyo hunawiri kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa. Daktari alifika mahali hapo mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Aliyekuwa na uwezo wa kuingilia kati mapema ni mtu anayejua namna ya kuyakausha mahindi ya mkulima mdogo kwa gharama nafuu mvua ikiwa inanyesha, na namna ya kujenga ghala lisiloshika unyevu. Huyo ndiye mhandisi wa kilimo. Simwoni akibebwa juu kwa juu katika picha yoyote ya gazeti.

Lipo kosa jingine ambalo hata walimu wenzangu hulifanya, la kumchagulia mwanafunzi tawi kwa kuutazama mradi unaovuma. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipozinduliwa mwezi Mei 2017, reli ikawa gumzo. Mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka wa 2012, mafuta yakawa gumzo. Mradi hudumu miaka michache katika vichwa vya habari. Mhandisi hutarajiwa kufanya kazi miaka 35 au 40. Isitoshe, hakuna mradi hata mmoja ulio mali ya tawi moja.

Chukua mfano wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa kawi ya mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka wa 1981 ukiwa na uwezo wa megawati 15 tu. Kijana akiniambia, "Nataka kufanya kazi Olkaria, nisomee nini?" nitamrudishia swali: Olkaria kwenye nini? Visima vyake huchimbwa hadi kina kinachoweza kufika kilomita 3, na anayeamua vichimbwe wapi ni mwanajiolojia, ambaye si mhandisi hata kidogo. Anayesimamia keekee ifike huko bila kukwama ni mtu wa mitambo na uchimbaji. Kinachopanda si mvuke mtupu. Huja na maji moto yaliyoyeyusha madini, na mojawapo, silika, hugandamana ndani ya mabomba kama ukoko chunguni hadi njia ikazibika. Hapo anahitajika mtu wa kemikali. Mabomba yenyewe hupita kwenye miinuko na mabonde, hutanuka yapatapo joto na kunywea yapoapo, na nguzo zinazoyashikilia lazima ziruhusu mchezo huo. Hapo yuko mtu wa ujenzi pamoja na mtu wa mitambo wakibishana, na natumai wanabishana kwa lugha wanayoelewana. Mvuke ukishaizungusha tabo, kazi humwangukia mtu wa umeme. Mradi mmoja, matawi matano. Kijana aliyelichagua jina la mradi bado hajachagua chochote.

Tena upo ushahidi wa kinachotokea viungo vya mwili mmoja visipokwenda pamoja. Mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa karibu na Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, ili izalishe megawati 310. Kufikia mwaka wa 2017 yote ilikuwa imesimama. Upepo ulivuma, nao haujawahi kuwa mchache kule, lakini umeme haukufika popote, kwa kuwa njia ya nyaya ya urefu wa kilomita 428 hadi Suswa ilikuwa haijakamilika. Ilikamilika mwezi Septemba 2018. Chanzo cha kuchelewa hakikuwa cha kihandisi peke yake; palikuwa na mambo ya ardhi, ya fedha na ya mikataba. Hata hivyo, mwanafunzi anayeamini kwamba tawi lake ni kisiwa angefaa kuitembelea picha ya mitambo ile, mirefu na ya kupendeza, ikiwa haina pa kuupeleka umeme wake.

Baada ya hayo yote, mtu atauliza: achague tawi pana au tawi jembamba? Siku hizi orodha zetu zina majina mengi yenye mvuto, kuanzia mekatroniki hadi uhandisi wa kawi jadidifu, wa tiba na wa mawasiliano. Sina ugomvi na kozi hizo, na baadhi zinafundishwa vizuri mno. Lakini mimi nina imani kubwa zaidi na matawi mama katika shahada ya kwanza, hasa kwa mwanafunzi ambaye hajapata nafasi ya kuingia kiwandani au kwenye eneo la ujenzi akajionea. Aliyesoma umeme kwa upana anaweza baadaye kujifinya katika kawi ya jua au ya upepo. Aliyeanza kwa kujifinya hupata taabu kujipanua soko likigeuka. Kadhalika, hesabu, mekanika, michoro, elimu ya joto na uprogramu wa kompyuta vya miaka ya mwanzo hufanana kwa kiasi kikubwa katika matawi mengi, kwa hivyo aliyekosea anaweza kuomba kuhama mapema kabla njia hazijaachana. Nafasi hiyo ya kuhama ipo lakini huwa fupi, na wanafunzi wengi huipata habari yake wakati imekwisha kupita.

Upo pia upande wa sheria, na hapa maneno yana uzito wa shilingi. Si kila kozi yenye neno uhandisi katika jina lake inamfikisha mhitimu kwenye sajili ya Bodi ya Wahandisi. Kwa miaka mingi palikuwa na mvutano kuhusu ni nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi hizi, bodi ya taaluma au chombo cha kusimamia vyuo vikuu, na waliokanyagwa fahali walipopigana ni wanafunzi. Wahitimu zaidi ya 100, waliokuwa wamesoma katika vyuo vya humu humu nchini kisha wakanyimwa usajili, walilazimika kwenda mahakamani, na kesi yao ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka wa 2018. Sitaingia katika hoja za mawakili. Ninachokitaka mwanafunzi akitambue ni kwamba watu hao walikuwa wamefaulu mitihani yao yote. Ujira waliopaswa kuupata katika miaka ile hakuna hukumu inayoweza kuurudisha wote. Kwa hivyo kabla ya kuchagua, itafute orodha ya kozi zinazotambuliwa na bodi, ulitazame jina la kozi pamoja na jina la chuo, maana kozi yenye jina moja huweza kutambuliwa hapa na isitambuliwe pale.

Na alama je? Wazazi wengi huziona alama za kuingilia kama bei sokoni: kozi ya alama za juu ni bora, ya alama za chini ni duni. Mtoto akipata 45 kati ya zile 48 za kundi la masomo, huonekana kama anazitupa akichagua kozi inayokubali 38. Fikra hiyo haina msingi. Alama za kuingilia ni alama za mtu wa mwisho kupata nafasi, na zinategemea waombaji ni wangapi na nafasi ni ngapi. Zinapima urefu wa foleni. Hazipimi ubora wa mafunzo wala mahitaji ya nchi, na foleni yenyewe, kama nilivyokwisha kusema, mara nyingi imepangwa na majina.

Kwa wasichana hali huwa na uzito zaidi. Nimewasikia walimu wakuu, watu wenye nia njema, wakiwaelekeza wasichana hodari wa Fizikia kwenye matawi wanayoyaita mepesi, ati mitambo ni ya wanaume. Wanaosema hivyo hawajajiuliza ni kipi kizito kati ya kukokotoa msukumo wa mvuke na kubeba maji kichwani kutoka mtoni kila siku, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwambia msichana kwamba ni ya wanaume.

Tusisahau vilevile kwamba mlango wa chuo kikuu si mlango wa pekee. Tangu Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka wa 2016, wanateknolojia na mafundi sanifu wana bodi yao ya kuwasajili. Mwanafunzi mwenye mikono inayopenda kushika anaweza kufanikiwa zaidi kwa kuanzia stashahada katika chuo cha ufundi, kisha akapanda. Historia yetu inalionyesha jambo hilo, ingawa tumelifanyia hiana. Mombasa ilikuwa na taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kufunza ufundi vijana wa Afrika Mashariki. Ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, ikawa politekniki, na mwaka wa 2013 ikawa chuo kikuu. Politekniki ya Kenya jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1961, ikafuata njia iyo hiyo mwaka uo huo. Ninawapongeza wenye vyuo hivyo kwa heshima waliyoipata, lakini sijawahi kuridhika kwamba nchi iliyohitaji mafundi ilifanya busara kuzipandisha daraja politekniki zake kongwe. Neno fundi, kwa wasiojua, lina mzizi mmoja na neno mwanafunzi. Jahazi za mwambao wetu, pamoja na mkuku, taruma, mlingoti na foromali, zilikwenda hadi Uarabuni na kurudi zikiwa zimeundwa na watu tuliowaita mafundi, nao walipima.

Uamuzi huu sasa umeteremka chini kiumri. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka wa 2027, mwanafunzi aliyeiacha Fizikia mwishoni mwa kidato cha pili alikuwa ameufunga mlango wa uhandisi bila kuambiwa kwamba ulikuwa mlango. Katika mfumo wa elimu ya umilisi, kundi la kwanza lilichagua mikondo yake likiwa Gredi ya 9, mwaka wa 2025, ili lingie Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Uhandisi umo ndani ya jina la mkondo wa kwanza, na watoto wa miaka 14 au 15 wameanza kulichagua neno hilo mapema kuliko kaka zao. Mshauri wao wa karibu ni mwalimu wa sekondari msingi, ambaye huenda yeye mwenyewe hajawahi kuelezwa tofauti kati ya mhandisi wa kemikali na mwanakemia.

Kwa hiyo nina ombi kwa KUCCPS, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kwa vyuo vyenyewe. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Orodha za kozi zinazowafikia vijana wetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na mzazi aliyeuza ng'ombe hana la kusoma ndani yake. Chini ya kila jina la kozi ya uhandisi pawekwe sentensi moja ya Kiswahili, yenye kitenzi, inayosema mhitimu wake hufanya kazi gani, na sentensi ya pili inayosema kama kozi hiyo inatambuliwa na bodi katika chuo hicho. Wahandisi waitoe maana, idara za Kiswahili ziitafutie maneno. Kwa hesabu yangu kazi hiyo haizidi muhula mmoja, na wakihitaji wa kuanza nao, mimi niko tayari kuanza na kozi za kilimo.